Muziki usingoje mgeni rasmi: namna ya kudai somo la muziki katika skuli ya mtoto wako

Skuli zetu za Unguja na Pemba hazijakosa muziki. Siku akija mgeni rasmi kufungua madarasa mapya utausikia wote: kwaya imepangwa uwanjani tangu saa mbili, vijana wamefunga misewe miguuni, wasichana wana kasida yao, na shairi la kumsifu mgeni limekaririwa wiki nzima kwa watoto kuchomolewa kwenye vipindi vya hesabu. Mgeni anatunza, anapanda gari, ngoma zinarudi stoo nyuma ya madawati mabovu. Mpaka mgeni mwengine.

Mwongozo huu ni wa mzee mwenye mtoto skuli ya Serikali, mwalimu asiye na cheo, au mjumbe wa kamati ya skuli, anayetaka watoto wasomeshwe muziki kama wanavyosomeshwa Kiswahili: kila wiki, na mtu anayejua, na kwa mpangilio unaopanda mwaka hadi mwaka. Kipimo changu ni chepesi. Mtoto wa darasa la tano awe anaweza kufanya jambo la muziki ambalo wa darasa la nne hawezi, na wa la sita awe ameshalipita. Kama wote watatu wanaimba wimbo ule ule kwa namna ile ile, hapo hakuna somo, hata wimbo uwe mtamu vipi.

1. Jua kilichopo

Usiende kwa Mwalimu Mkuu na malalamiko. Ana madarasa yaliyojaa, pengine ana mikondo miwili, ya asubuhi na ya mchana, na ana faili la watu waliokuja kulalamika kabla yako. Nenda na ombi dogo la kuona ratiba. Mazungumzo huwa hivi:

"Maalim, sikuja kulaumu. Naomba nione ratiba ya darasa la nne, nataka kujua muziki unaingia wapi."

"Muziki umo ndani ya sanaa, mzee wangu."

"Alhamdulillahi. Na wiki iliyopita kwenye sanaa walisoma nini?"

Swali hilo la pili ndilo lenye kazi. Kipindi cha sanaa kwa kawaida huangukia mikononi mwa mwalimu ambaye mwenyewe hakusomeshwa sanaa, akawapa watoto wachore bendera au wamalizie zoezi la Kiingereza. Si kosa lake. Amepewa kazi bila ya zana. Muombe Mwalimu Mkuu akuoneshe muhtasari wa somo hilo, usome sehemu inayohusu muziki, uandike pembeni ni lipi linafanyika na lipi halifanyiki. Mitaala ya Zanzibar hutayarishwa na Taasisi ya Elimu Zanzibar, kwa hiyo kama jambo limeandikwa kwenye muhtasari, wewe huombi jipya. Unaomba lililokwisha kukubaliwa litekelezwe, na hilo ni ombi jepesi zaidi kukubalika ofisini.

Kisha waulize watoto wenyewe, wako na wa jirani. Ingia stoo ukiruhusiwa. Mwisho wa yote uwe na ukurasa mmoja, usizidi: kipindi kipo au hakipo, nani anakisomesha, kuna vyombo gani, vinalia au havilii.

2. Omba mwalimu na kipindi, vyombo baadaye

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo juhudi nyingi zinapozama.

Wazee wakisikia "muziki skuli" wanawaza vyombo. Atatafutwa mfadhili, italetwa barua kwa mwenye hoteli, mgeni fulani ataahidi makontena. Na vyombo huja kweli! Vinanda viwili vya umeme, magitaa matatu, pengine hata kanuni. Vinapigwa picha. Baada ya mwaka mmoja nenda kavitazame. Kinanda kimepotea waya wa umeme. Magitaa yamebaki na nyuzi nne nne. Kanuni, chombo chenye nyuzi zaidi ya 70 kinachotaka mtu wa kukitia sauti kila kinapopigwa, imelazwa juu ya kabati la mitihani, nyuzi zimeshika kutu kwa hewa ya bahari, vumbi la chaki limeganda kwenye ngozi yake. Hakuna aliyeiba kitu. Vimekufa kwa kukosa mtu wa kuviamsha.

Sasa geuza. Mpe mwalimu anayejua kazi yake darasa la watoto 60, kipindi kimoja kwa wiki, na asiwe na chombo hata kimoja. Ana sauti 60 na viganja 120. Mitindo yetu wenyewe inamsaidia, kwa sababu mingi haikungoja duka la vyombo. Kidumbak kinajengwa kwa fidla moja, dumbak mbili ndogo, cherewa, mkwasa na sanduku, na katika hivyo vyote ni fidla tu inayotaka fedha ya kweli. Sanduku ni sanduku kweli: boksi la mbao, zamani la chai, fimbo iliyosimama pembeni na uzi mmoja. Unavuta fimbo, sauti inapanda, unalegeza, inashuka. Mtoto akishaivuta mara mbili ameelewa kwa mkono wake jambo ambalo ubaoni lingechukua nusu saa, kwamba uzi ukikazwa sauti hupanda.

Kwa hiyo ombi lako liwe na maneno mawili tu, mwalimu na kipindi. Vyombo viwe mstari wa tatu, tena mwaka wa pili. Mtu akikwambia "tuanze na vyombo, mwalimu atapatikana", mshukuru na uendelee na lako.

3. Kaeni na wazee wenye wasiwasi wa dini, mapema

Jambo hili watu hulikwepa, kisha linalipuka siku ya mkutano mkuu mbele ya sheha na mambo yote yanasimama. Lianze wewe, barazani, kwa utulivu.

Kwanza, usijigeuze mufti. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya ala za muziki kwa karne nyingi na mzozo huo hautamalizwa na kamati ya skuli. Ukianza kutoa hoja za fiqhi utajibiwa kwa hoja za fiqhi, na wanaokujibu wanajua kuliko wewe. Kazi yako ni kusikiliza wasiwasi wenyewe ni upi, kwani mara nyingi si ule uliodhani. Nilivyoona mimi, mzee anayesema "sitaki muziki" huwa anasema moja kati ya haya: mtoto atakosa chuo cha Kurani, atafundishwa nyimbo za matusi, wasichana na wavulana watachezeshwa pamoja, au anaamini ala ni haramu, basi.

Matatu ya mwanzo yana dawa. La chuo ni suala la saa. Watoto wa mkondo wa asubuhi wana madrasa mchana na jioni, na klabu ya muziki ya saa tisa itagombana na chuo na itashindwa, tena inastahiki kushindwa. Ndiyo maana nasisitiza kipindi ndani ya ratiba, si klabu baada ya masomo. Kama hapana budi iwe klabu, tazameni siku ambazo vyuo vya mtaani kwenu vimefungwa, ambazo kwa vyuo vingi ni Alhamisi na Ijumaa. La nyimbo za matusi linamalizwa kwa karatasi: orodha ya nyimbo na maneno yake yote ibandikwe ofisini mwanzoni mwa muhula, na mzee yeyote awe na haki ya kuisoma na kuhoji. La kuchanganya watoto, semeni wazi mpango ukoje, na muuandike.

La nne linataka heshima. Mzee wa namna hiyo mhakikishie kwamba mtoto wake atakuwa na njia nyengine ndani ya kipindi hicho hicho: kughani utenzi, kutunga shairi, kasida za sauti tupu au za dufu kama anaridhia. Na iwe njia ya heshima, yenye alama sawa na wenzake, si kukaa pembeni kama aliyeadhibiwa. Nimeona wazee waliokuja kupinga wakaondoka wakiwa ndio wanaokumbusha nyimbo za maulidi zilizosahauliwa. Wengine hawatakuja upande wako, na msilazimishane. Suala likiwa zito, Mwalimu Mkuu ndiye wa kutafuta ushauri kwa wenye elimu ya dini, si wewe na kundi lako la WhatsApp.

4. Onesha somo moja likisomeshwa

Maneno hayatoshi, kwa sababu wajumbe wengi wa kamati hawajawahi kuona somo la muziki. Wameona tumbuizo. Ukisema "somo la muziki" wanaona tumbuizo la kila wiki, kelele na muda uliopotea.

Kuna mfano wa mbali unaonipendeza. Boston, Marekani, Lowell Mason alikuwa anadai kuimba kusomeshwe katika skuli za umma, na kamati ya skuli ikawa inavuta muda. Mwaka 1837 akaingia skuli moja ya mji ule, Hawes, akafundisha bila malipo. Watu wakaja wakaona watoto wa kawaida, wasiochaguliwa kwa sauti nzuri, wameweza. Mwaka 1838 kamati ikaingiza muziki katika masomo ya skuli za mji.

Nanyi fanyeni hivyo kwa dakika 40. Tafuteni mwalimu mwenye ujuzi, muombeni Mwalimu Mkuu darasa moja la kawaida (darasa zima, si kwaya iliyoteuliwa), na mualikeni kamati, sheha na wazee wachache wakae nyuma. Somo linaweza kwenda hivi.

Mwalimu anaingia bila chombo. Watoto wanasimama. Nusu ya darasa inapiga makofi mawili sawasawa, nusu inapiga matatu katika muda ule ule. Mwanzo ni vurugu. Mwalimu anasimamisha, anarudia polepole, anawapa wa matatu waanze peke yao, kisha wa mawili wanaingia. Mara ya nne au ya tano linakaa. Halafu pande zinabadilishana, na hapo inajulikana nani alikuwa anafuata wenzake tu. Baada ya hapo anaandika ubeti ubaoni. Huu nimeutunga kwa ajili ya mwongozo huu, mnaweza kuutumia:

Wazee naja mbeleni, nina neno la kusema,
Kipindi kiwe skulini, kama kile cha kusoma,
Maalimu awe ndani, mwenye ilimu na hima,
Si kwa siku ya mgeni, ndipo tukapiga ngoma.

Watoto wanahesabu mizani kwa vidole: nane na nane, 16 kila mshororo. Mwalimu anawauliza vina viko wapi. Wanaona -ni katikati na -ma mwishoni. Sasa anawapa sauti, kipande kwa kipande, wao wanaitikia, huku nusu ya darasa imerudi kwenye makofi. Kisha anafanya jambo ambalo wajumbe hawakulitegemea: anafuta neno moja ubaoni, anawaambia watafute jengine lenye idadi ile ile ya mizani. Mtoto akileta neno refu, wimbo unakwama na darasa zima linasikia umekwama. Hakuna haja ya kumwambia amekosea.

Mwalimu wa Kiswahili aliyekaa nyuma atakuwa wa kwanza kuelewa. Mizani na vina anavisomesha kila mwaka kama hesabu za karatasini, na hapa vinafanya kazi. Mpeni nafasi aseme mwenyewe mbele ya kamati. Neno lake lina uzito kuliko lako.

Mkiwa Pemba, msilete kidumbak kwa kuwa kimeandikwa hapa. Mna kibati, ambacho ni majibizano ya papo kwa papo juu ya ngoma ya kasi, na sijui zoezi gani la Kiswahili lingemnoa mtoto ulimi kuliko hilo. Mna msewe, ambao mapigo yake yako miguuni. Anzeni na cha kwenu.

5. Hoja za kushika na za kuacha

Acheni hoja ya kwamba muziki unaongeza akili ya hesabu. Inavutia, na utaikuta kila pembe ya intaneti, lakini msingi wake ni mwembamba. Utafiti uliozaa uvumi kwamba kusikiliza muziki wa Mozart huongeza akili, wa mwaka 1993, ulifanywa kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu, na matokeo yake yalidumu kiasi cha dakika 10 hadi 15. Hakuwamo mtoto hata mmoja wa skuli, wala hakuna aliyefunzwa muziki, walisikilizishwa tu. Ukiitumia hoja hiyo na akatokea afisa mmoja anayejua, utapoteza na hoja nyengine zote. Tena ukisema muziki ni mtumishi wa hesabu, utaambiwa basi tuongeze kipindi cha hesabu chenyewe.

Shikeni hoja ya kwetu. Utaambiwa, tena kwa tabasamu: "Mbona Bi Kidude hakusoma muziki skuli?" Jibu lipo kwenye historia. Simulizi tuliyoipokea ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim aende Misri akajifunze kupiga kanuni, na aliporudi akafundisha wenzake. Taarab yenyewe, hii tunayojivunia, imeanza kwa mtu kupelekwa masomoni kwa gharama ya dola. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, Culture Musical Club 1958, na vilabu hivi vikawa ndio madarasa: kijana anakaa jioni baada ya jioni pembeni ya fundi, anatumwa maji, anashika rika (tari ndogo), anapanda mpaka kwenye udi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay 1928 kurikodi, hakwenda peke yake; alikwenda na wapigaji waliokwisha kuiva. Kwa hiyo si kweli kwamba wakubwa hao hawakusomeshwa. Walisomeshwa na mtaa, na mtaa wa leo hauna tena jioni hizo.

Hoja ya ajira itumieni kwa kiasi. Hoteli zinaajiri wapigaji, tamasha la Sauti za Busara lilianza Mji Mkongwe 2004, na ni aibu kijana wa Kizimkazi kusikiliza mgeni akipigiwa taarab na yeye hajui aanzie wapi. Lakini usiahidi kwamba kila mtoto atakuwa msanii. Hatuahidi hivyo kwa bayolojia.

Na mshike sheria, mstari mmoja tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991. Kifungu cha 29 kinataka elimu ikuze vipaji vya mtoto, na cha 31 kinampa haki ya kushiriki utamaduni na sanaa. Marekani wanaharakati wa somo hili wamefika mbali zaidi, kwani sheria yao ya elimu ya 2015 inautaja muziki kwa jina ndani ya elimu kamili.

6. Barua

Iandikwe na kamati ikiwezekana, ipite kwa Mwalimu Mkuu, isizidi ukurasa. Mfano:

*Afisa Elimu Wilaya,*
*k.k. Mwalimu Mkuu.*

*KUH: OMBI LA MWALIMU NA KIPINDI CHA MUZIKI*

*Tafadhali husika na mada iliyotajwa hapo juu.*

*Kamati ya skuli katika kikao chake cha tarehe … ilishuhudia somo la muziki kwa wanafunzi wa darasa la nne, na imeridhika kwamba linasaidia pia ufundishaji wa ushairi. Kwa sasa sehemu ya muziki iliyomo kwenye muhtasari haisomeshwi kwa kukosa mwalimu mwenye ujuzi.*

*Tunaomba (1) kipindi kimoja kwa wiki kwa madarasa ya nne hadi sita kuanzia muhula wa kwanza wa mwaka ujao. (2) mwalimu mmoja mwenye mafunzo ya muziki, au mwalimu aliyepo apatiwe mafunzo hayo. Kamati itatayarisha chumba na haiombi vyombo kwa mwaka huu.*

*Tunaambatanisha maoni ya wazee na mpango wa muhula mmoja.*

Sentensi ya "haiombi vyombo kwa mwaka huu" msiiondoe. Afisa aliyezoea maombi ya mamilioni ataisoma mara mbili. Nakala wekeni kwa sheha, na nyengine ibaki mikononi mwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa haijafika, hata kama umeikabidhi kwa mkono wako.

7. Kalenda ya fedha

Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai, na Baraza la Wawakilishi hukaa Chukwani kwa bajeti kuanzia Mei. Ukipeleka barua Mei umechelewa, hesabu zimeshafungwa. Somo la mfano lifanyike mapema baada ya likizo ya katikati ya mwaka, barua itoke kabla ya Disemba, na Januari muanze kufuatilia wilayani. Asiyekuwapo na lake halipo.

Mwakilishi wenu mumuone kabla ya kikao cha bajeti, mumpe ule ukurasa mmoja na video ya dakika moja ya somo (wazee wa watoto wanaoonekana wawe wameridhia). Muombeni aulize swali moja barazani: skuli ngapi za Serikali zina mwalimu wa muziki aliyefunzwa? Waziri akishalijibu kwa namba, namba hiyo inabaki kwenye kumbukumbu rasmi, na mwaka unaofuata inaweza kuulizwa tena.

Kwa Pemba mlango ni Afisa Mdhamini wa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, Chake Chake. Msiruke ofisi yake kwenda makao makuu ya Wizara, Mazizini, moja kwa moja. Faili litarudishwa kwake na litarudi limechukiwa.

8. Mwalimu atoke wapi

Utaulizwa hili, na ukikosa jibu mjadala umekwisha. Njia zipo tatu.

Ya kwanza ni mwalimu aliyepo skulini anayejua kitu: anapiga udi jioni, aliwahi kuongoza kwaya, anaijua kasida. Huyu ana ajira tayari, anahitaji mafunzo ya ziada tu, na kwa maoni yangu ndiye wa kuanza naye.

Ya pili ni vijana waliohitimu. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho wengi tunakiita DCMA, kipo tangu 2002 na kimefunza vijana wengi kanuni, udi, fidla na ngoma. Bara kuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Shida ni kwamba mpigaji mzuri si lazima awe mwalimu mzuri, na cheti cha muziki peke yake hakimpi mtu ajira ya ualimu Serikalini. Hilo ndilo la kuisukuma Wizara ilifanyie kazi: hawa vijana wapewe njia ya kusomea ualimu, na walimu wapewe njia ya kusomea muziki. Na msitegemee kwamba chuo hicho kitabeba mzigo huu siku zote. Mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba kinakaribia kufunga kwa kukosa fedha za wafadhili. Somo linalosimama kwa fedha ya mfadhili huondoka na mfadhili.

Ya tatu ni mafundi wa mtaani, wazee wa vilabu na vikundi vya ngoma. Hawana vyeti, na hawataajiriwa. Waalikeni mara moja au mbili kwa muhula, mwalimu wa darasa akiwepo, na muwalipe nauli na heshima yao. Usimwite fundi aliyepiga fidla miaka 40 ukampa soda na cheti cha ushiriki.

Kwa skuli za sekondari kuna jambo moja zaidi la kuwaambia wazee: muziki ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani la Tanzania katika kidato cha nne. Mzee anayeuliza "na mtihani je?" ajibiwe hivyo.

9. Kipindi kikipatikana, kilindwe

Kipindi cha muziki ndicho cha kwanza kuibiwa. Mitihani ikikaribia, hesabu inakichukua. Mwalimu akiwa na udhuru, darasa linaunganishwa. Na mgeni rasmi akitangazwa, kipindi kinageuzwa mazoezi ya kumpokea kwa mwezi mzima.

Kubalianeni na Mwalimu Mkuu mambo mawili kwa maandishi. Kipindi kilichochukuliwa kirudishwe ndani ya wiki mbili. Na watoto wakitakiwa kutumbuiza, watumbuize walichokwisha kusoma, wasifunzwe kipya kwa ajili ya siku hiyo. La pili litaleta ubishi, lishikilieni hata hivyo. Hata mashindano ya Tamasha la Elimu Bila Malipo ya kila Septemba, ambayo ni jambo jema, yanaweza kuumeza muhula mzima kwa ajili ya watoto 20 wenye sauti nzuri, na wengine 300 wakakaa kutazama.

Mwalimu awe na daftari la kazi: tarehe, darasa, kilichosomwa, nani hakuweza. Mjumbe mmoja wa kamati alitazame kila mwisho wa mwezi, bila ya ukaguzi wa kutishana. Daftari hilo lina faida ya pili. Walimu huhamishwa, na uhamisho hauulizi. Siku mwalimu wenu akipata barua ya kwenda Micheweni au Makunduchi, daftari libaki skulini, na barua ya kuomba mwengine iandikwe siku hiyo hiyo, kabla kipindi chake hakijagawiwa masomo mengine.